Mara Nne kwa Siku

Jumapili, 5 Oktoba

Daftari hili nilipewa na Sista Valarie wa kliniki ili niandike kitu kimoja tu: Tom amenyonya mara ngapi leo. Tarehe na namba, basi. Lakini lina kurasa tele na mimi nina maneno mengi ambayo sina wa kumwambia, kwa hivyo nitaandika yote, na siku ya kumpelekea nitanakili namba peke yake kwenye karatasi.

Nianze na pete. Hata dada yangu nilipomwambia nimevaa pete alinitazama vidole. Ni pete ya mpira laini, upana wake kama kikuku cha mtoto. Unaikunja, unaisukuma ukeni, unaisahau miezi mitatu, kisha unaweka nyingine. Hii ni ya tatu. Ile ya kwanza niliweka mwezi Machi, Tom akiwa na miezi miwili.

Sista alitueleza mimi na mume wangu Philemon, tumekaa viti viwili mbele ya meza yake. Alisema mtoto akinyonya sana, ubongo wa mama unazuia yai lisitoke. Pete inatoa homoni kidogo kidogo, ile ile mwili unayo, inaongezea nguvu hapo, na ute kwenye mlango wa kizazi unakuwa mzito mbegu zisipite. Lakini akainua kidole: pete hii imetengenezewa mama anayenyonyesha. Kazi nusu ni ya pete, nusu ni ya mtoto. Akinyonya chini ya mara nne kwa siku, usiitegemee tena, njoo tutafute njia nyingine. Philemon alikuwa akitikisa kichwa ndiyo, ndiyo, simu iko mkononi.

Mbona pete? Kwa sababu kijiti cha mkononi kilinitoa damu miezi minne baada ya Kavinya, na sindano ilinipa kichwa cha kunilaza. Pete naweka mwenyewe, natoa mwenyewe.

Na kwa nini nijisumbue hivi? Kwa sababu nimepasuliwa mara tatu: Jared, Kavinya, sasa Tom. Daktari alikuja kitandani akaniambia, "Mama, kizazi chako pale kwenye kovu kimekuwa chembamba sana. Ukishika mimba kabla ya miaka miwili kinaweza kupasuka, na kikipasuka ukiwa nyumbani huenda usifike hospitali." Alisema hivyo kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi niko na hayo maneno mpaka leo.

Leo mara sita.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mara tano. Joto la Voi halina adabu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mara tano. Nafua mashuka kwenye gesti ya kando ya barabara kuu. Saa saba nikipewa mapumziko nakimbia nyumbani, dakika kumi na mbili, namnyonyesha Tom nikiwa nimesimama nusu, nakimbia kurudi. Jirani yangu Mutindi, anayemwangalia, anacheka ati nakimbia kama nimeiba. Mashuka ya madereva yana vumbi jekundu ambalo halitoki hata ulipige vipi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo pete imetoka. Nilikuwa nimechuchumaa chooni kazini, nikakaza, nikaisikia inateleza. Kisha nikakumbuka maneno ya Sista: ikitoka, ioshe kwa maji safi yasiyo ya moto, uirudishe, isikae nje zaidi ya saa mbili. Nikaiosha kwa maji yangu ya kunywa nikairudisha. Haijakaa nje hata dakika tano. Nilipotoka Kimanzi, msimamizi wetu, aliniuliza kama nimeanzisha makao huko ndani. Nilimwambia tumbo.

Mara tano.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama mkwe amepiga simu kutoka kwake huko juu ya Wundanyi. Anaitwa Mkamburi, na sauti yake haihitaji simu.

"Huyo mtoto bado ananyonya?"

"Ndiyo, Mama. Ana miezi tisa tu."

"Kutwa nzima? Atakumaliza. Philemon anasema umebaki mifupa. Nyinyi Wakamba mnanyonyesha mtoto mpaka aende shule?"

Nilicheka kwa sababu ningefanya nini. Siwezi kumwambia mama mkwe kwamba nahesabu maziwa ili nisizae. Alishaniuliza mara mbili wa nne atakuja lini.

Mara sita.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Philemon yuko nyumbani tangu Ijumaa. Ni karani wa stoo kwenye shamba la ndizi upande wa Taveta, anakuja wikendi, si zote. Amefua nguo za watoto, amepika chapati, moja imeungua akaila mwenyewe. Alinishika bega akasema, "Mama Jared, umekonda. Naumia nikikuona." Mungu alinipa mwanamume mwema, lazima niandike hilo siku nikiwa nimeliona.

Mara sita, mara sita, mara tano, mara sita.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Jared na Kavinya wamefunga shule leo wakarudi wamelowa chepechepe. Mara tano.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua ya nne mfululizo. Watu wanashangilia, wamepanda pojo na mahindi. Mimi nina mashuka arobaini ambayo hayakauki. Kimanzi amesema tutayakausha kwa pasi, moja moja, na hakuna kwenda nyumbani saa saba mpaka jua lirudi.

Nikamwambia, "Bosi, nina mtoto ananyonya."

Akasema, "Mama Jared, mtoto wa miezi tisa anakula ugali huyo." Nikauliza kama naweza kuja naye. Akasema gesti si nasari.

Mara tatu. Asubuhi, jioni, na alfajiri.

Jumanne, 28 Oktoba

Mara tatu.

Jumatano, 29 Oktoba

Mara nne. Nilimwamsha kwa nguvu akanyonya macho yamefumba. Nilijiona mwizi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mara tatu. Mutindi anampa uji mzito mchana na anashiba. Anasema kwa furaha, "Hata hakuulizi siku hizi!" Anatafuta sifa na anazistahili. Nilimwambia asante.

Jumapili, 2 Novemba

Philemon alikuja Ijumaa usiku, ameondoka leo mchana. Mara tatu, mara nne, mara tatu. Nilijua namba nilipolala naye. Niandike ukweli kama naandika. Nilijiambia tatu iko karibu na nne. Nilijiambia pete bado imo ndani. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kufungua mdomo kueleza, na yeye alikuwa na furaha yake.

Wiki hii lazima nimwone Sista Valarie.

Jumatano, 5 Novemba

Sikwenda. Kliniki inafunga saa kumi, mimi natoka saa kumi na moja. Mara tatu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mara tatu. Miguu imevimba. Kimanzi amenipa Jumapili yote ya mapumziko, nimshukuru.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerudi kutoka kazini saa kumi na mbili, titi limejaa linauma, nikaenda moja kwa moja kwa Mutindi. Tom hayuko.

"Kwani hukuambiwa?" Mutindi akasimama na mwiko mkononi. "Nyanya yake amekuja mchana. Amemchukua. Amesema anaenda kumwachisha ziwa upumzike. Nilidhani mmepanga."

Nilikaa chini pale pale mlangoni kwake. Jared alikuja akaniambia nyanya alileta viazi na nyama, na alimbeba Tom mgongoni akimwimbia, na Tom hakulia. Ati hakulia.

Nilimpigia mama mkwe. Mtandao wa huko wakati wa mvua unakuja na kwenda. Nilisikia, "Pumzika mwanangu, lala, nitamrudisha baada ya wiki mbili akiwa mtu mzima," kisha ikakatika. Nilipiga mara tisa.

Huko kwao ndivyo wanavyofanya. Mtoto anapelekwa kwa nyanya, analala mbali na harufu ya mama yake, siku chache tu anasahau. Wanamfanyia mama wema. Ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba kila mtu ananifanyia wema.

Philemon ameingia saa moja. Nikamwambia mama yako amemchukua Tom. Akavua viatu polepole akasema, "Unajua wazee. Lakini si utapata usingizi?"

Jumapili, 9 Novemba

Nililia jana mpaka akanikumbatia, na kukumbatiwa kukaenda kulikoenda. Tom alinyonya jana alfajiri na asubuhi, mara mbili. Nilijiambia siku moja haidhuru.

Leo nilitaka kupanda kumchukua. Mvua imebomoa barabara ya kwenda kijijini kwao, na wa bodaboda pale Wundanyi wamemwambia Philemon kwa simu kwamba hakuna anayepita. Ameondoka kurudi Taveta. Nimekamua maziwa kwenye bakuli, nikayamwaga.

Sifuri.

Jumatatu, 10 Novemba

Sifuri. Nilimpigia Sista, simu imezimwa.

Jumanne, 11 Novemba

Sifuri. Nina homa, titi la kushoto ni jiwe. Mutindi amenikandia kwa kitambaa cha moto.

Jumatano, 12 Novemba

Sifuri.

Alhamisi, 13 Novemba

Sifuri. Nilimwomba Kimanzi ruhusa ya kesho. Akasema, "Tena?" Sijawahi kuomba tangu Machi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwona Sista Valarie. Alikuwa kwenye semina Mombasa wiki nzima. Nilimpa namba. Alizisoma akishuka na kidole, alipofika kwenye sifuri akaacha kusoma.

"Mama Jared, mara ya mwisho na mzee ni lini?"

"Jumamosi. Na wikendi ya kabla."

Akahesabu. "Leo ni siku ya sita. Kuna vidonge vya dharura, lakini mwisho ni siku tano. Ungekuja jana."

Jana nilikuwa napiga pasi.

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema pete haijaharibika, inatoa dawa yake kama kawaida, lakini dawa yake ni ndogo, haikutengenezwa kufanya kazi bila mtoto. Alisema tusikutane bila kondomu kuanzia sasa. Alisema kupima leo ni bure, mimba ya siku sita haionekani. Nirudi tarehe moja Desemba. Kama hakuna kitu, ataniwekea koili ya shaba siku hiyo hiyo. Kama kipo, tutakwenda pamoja kwa daktari mkubwa. Nilimuuliza, nikimrudisha Tom kwenye titi? Akasema jaribu, ni haki yake mtoto, lakini usiitegemee tena kwa kuzuia mimba.

Siku kumi na saba. Nina watoto watatu na huenda nimejiua, na sitajua mpaka siku kumi na saba ziishe. Nimeyaandika niyaone. Hayana tofauti yakiandikwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeenda kumchukua mtoto wangu. Sikumuuliza Philemon, sikumuuliza Kimanzi, nilimtumia tu ujumbe kwamba siji. Gari liliishia Wundanyi. Kutoka pale bodaboda ilinifikisha mahali barabara imekatika, nikavua viatu nikapita kwenye matope, nikapanda kwa miguu karibu saa mbili. Kovu lilikuwa likinivuta kila nikiinua mguu. Ukungu, baridi, na watu wakitoka mashambani wakiniuliza mimi ni wa nani. Nilisema mke wa Philemon. Mzee mmoja akanipa fimbo.

Mama mkwe alikuwa jikoni akimlisha Tom kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, kwa vidole vyake. Tom amenenepa. Aliniona akacheka, akanyoosha mikono, nikamchukua, nikakaa kwenye kigoda, nikafungua blauzi hapo hapo. Akalitazama titi. Akaliweka mdomoni, akalitoa, akaliuma, akageuka kumtafuta nyanya yake na kidole kwenye kimanga.

Hapo nililia kwa sauti. Mama mkwe alisimama.

"Mbinya, kuna nini? Nani amekufa?"

Basi nikamwambia. Yote, bila kuzungusha, mimi ambaye nimekuwa nikimwita Mama kwa miaka kumi bila kumwangalia usoni. Nilimwambia kuhusu kovu, na daktari, na miaka miwili. Nilimwambia kuna pete ndani yangu na pete hiyo inafanya kazi mtoto akinyonya mara nne, na yeye amemchukua mtoto, na sasa huenda nina mimba itakayonipasua. Nilimwambia, "Mama, ulikuja kunisaidia, na umenimaliza."

Alikaa chini. Alifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja.

"Wamekupasua mara tatu najua," akasema. "Hayo ya kizazi kuwa chembamba sijui. Nasikia leo."

"Philemon hakukuambia?"

"Philemon alinipigia simu Jumatano ile. Akasema, mama, Mbinya amechoka sana, njoo Jumamosi akiwa kazini umchukue mtoto umwachishe. Usimwambie mapema, atakataa. Ndivyo alivyosema mwanangu."

Nilimwambia arudie. Akarudia vile vile.

Kwa hiyo alijua. Alivua viatu polepole vile akijua. Alikuwa amekaa kiti cha pili mbele ya Sista Valarie, aliitikia ndiyo, ndiyo, halafu akampigia simu mama yake ampeleke mbali mtoto aliyekuwa nusu ya kinga yangu.

Mama mkwe alichochea moto, akanipa chai, akaniambia nimweleze tena hiyo pete pole pole. Inakaa wapi. Haipotei ndani? Nikamwambia haipotei, mlango wa kizazi ni mdogo, haiwezi kupita. Mwanamume haisikii? Nikasema Philemon anasema haisikii. Inatoa nini? Mtoto halewi ile dawa kwenye maziwa? Nikasema Sista alisema ni homoni ile ile mama anayo, haimdhuru mtoto. Na kwa nini mara nne, si mbili? Aliuliza vizuri kuliko nilivyouliza mimi Machi. Nikamweleza kuhusu ubongo na yai.

"Mimi nilizaa tisa," akasema. "Nikazika watatu. Wa mwisho alinitoa damu mpaka godoro likatupwa. Kama kungekuwa na kitu cha kuweka mwenyewe, bila kumuuliza mtu, ningekiweka nikiwa na wanne."

"Lakini Mama, uliniuliza wa nne atakuja lini."

"Ndivyo wanavyouliza. Na mimi niliulizwa."

Nimelala kwake. Ameniwekea Tom kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi mbili juu yetu.

Jumatatu, 17 Novemba

Tumeshuka wote jana, mama mkwe amembeba Tom kwenye matope kwa sababu amenikataza kubeba. Kimanzi amenikata mshahara wa siku mbili, sawa. Mama mkwe amehamia kwangu. Amemwambia Mutindi uji wa mchana uwe wa baadaye, kwanza mtoto apelekwe kwa mama yake. Saa saba alikuja naye gesti, akaketi kwenye ngazi mbele ya wageni, akaagiza niitwe. Kimanzi alitoka kumfukuza. Sijui alimwambia nini kwa Kidawida cha kwao, lakini Kimanzi ni Mkamba na hakuelewa neno, na alirudi ndani akaniambia, "Nenda, nenda, nusu saa."

Tom alinyonya kidogo sana. Nitahesabu: mara moja.

Alhamisi, 20 Novemba

Mara moja. Jana pia. Maziwa yanapungua. Natapika asubuhi au nadhani natapika, sijui tena ni mimba au ni hofu. Niliwahi kutapika vile kwa Jared.

Jumapili, 23 Novemba

Philemon alikuja jana. Alimkuta mama yake kitini pake akajua.

Nilimwambia watoto wako kwa Mutindi, kaa chini. Nikamuuliza kama alimpigia simu mama yake. Akasema ndiyo. Hakudanganya, nampa hilo.

"Nilitaka upumzike, Mbinya. Ulikuwa unaisha mbele ya macho yangu. Nifanye nini?"

"Sista alisema mtoto anyonye mara ngapi?"

Alinitazama. Akatazama mama yake. Niliona akitafuta kichwani, kwa bidii kabisa.

"Mara... asubuhi na jioni?"

"Mara nne," mama mkwe akasema. "Mimi nimejua juzi. Wewe ulikaa pale."

"Si mngenikumbusha!" Akapandisha sauti. "Mimi niko Taveta nahesabu mikungu ya ndizi, mambo ya hospitali ya wanawake nitakumbuka yote?"

Nilisema pole pole, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kupiga kelele. Nilimwambia: Philemon, huenda nina mimba. Nikiwa nayo huenda nikafa. Si kwamba wewe ni mbaya. Ungekuwa mbaya ningejua pa kukuweka. Lakini miezi minane mimi peke yangu najua pete inafanyaje, mimi peke yangu nahesabu, mimi nakimbia saa saba, mimi naamsha mtoto, na nikichoka mnasema nipumzike kutoka kwa mtoto. Hakuna aliyesema nipumzike kutoka kwa kujua. Nenda kamuulize Sista mwenyewe. Usiniulize mimi tena kitu chochote, sitaeleza.

Alilala kwenye kochi. Leo asubuhi ameondoka bila chai.

Jumanne, 25 Novemba

Mara moja. Mvua imepungua.

Ijumaa, 28 Novemba

Tom amekataa kabisa. Mama mkwe amesema, "Mwache sasa. Tumejaribu." Alimpa maziwa kwa kikombe nami nikamshika miguu. Nilidhani nitaumia, lakini nilikuwa nimechoka tu.

Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimenyoosha sare za Jared, nimemsuka Kavinya nywele, nimemwonyesha mama mkwe kadi za kliniki za watoto ziko wapi, na cheti cha kuzaliwa cha Tom. Hakuniuliza kwa nini namwonyesha. Alizipanga upya kwenye bahasha moja akaandika juu kwa herufi zake kubwa WATOTO WA MBINYA.

Jumatatu, 1 Desemba

Hakuna mimba.

Mstari mmoja. Sista alinishikia kile kipimo juu, mbele ya dirisha, akasubiri dakika tano za ziada, kisha akapima tena na kingine kwa sababu nilimwomba. Mstari mmoja. Mama mkwe alikuwa amekaa kile kiti cha pili. Alisema "Asante Yesu" mara moja tu, akafunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika.

Nilitoa pete mwenyewe kwa mara ya mwisho. Mama mkwe aliomba kuiona. Aliigeuza kwenye karatasi, akaibonyeza kwa kidole, akasema, "Na kitu kidogo hivi." Sista akaniwekea koili. Iliuma, karibu nimuume mama mkwe mkono. Sista alitueleza, na mama mkwe alimkatiza kila mara mpaka akaelewa. Shaba inaharibu mbegu zisifike kwenye yai. Hakuna homoni. Haiulizi mtoto ananyonya au hanyonyi. Miaka kumi nikitaka, na nikitaka itolewe naenda kliniki.

Miaka miwili ya daktari imekuwa yangu tena. Nilitembea nyumbani nikilia barabarani, watu wakinitazama, na sikujali.

Jumanne, 2 Desemba

Nimepiga pasi mashuka ishirini na sita. Jua limerudi, na Kimanzi bado anataka pasi.

Nilimtumia Philemon ujumbe: Hakuna. Akajibu Mungu ni mwema. Sikujibu.

Jumatatu, 8 Desemba

Hakuna namba ya kuandika tena, lakini jambo la jana lazima niliandike.

Philemon alirudi Ijumaa. Mutindi ndiye aliyeniambia kwamba alishuka Voi saa nane mchana na hakuja nyumbani mpaka saa kumi na moja. Mimi sikumuuliza, nilisema sitauliza. Alikula, akacheza na Tom, akalala kwenye kochi bila kuambiwa. Jumamosi alimsindikiza mama yake mpaka Wundanyi, akarudi na mboga. Mama mkwe alinikumbatia kabla ya kuondoka akaniambia nile.

Jana baada ya chakula cha mchana watoto walikwenda kwa Mutindi. Nilikuwa nimejilaza kitandani na nguo za kanisani. Alikuja akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, hatazamani nami. Akatoa karatasi mfukoni, ile ya nyuma ya risiti za stoo, imejaa mwandiko wake.

"Nilikwenda kwa Sista," akasema. "Ijumaa. Alinifanya nisubiri wanawake wote waishe. Nikamwambia anieleze kuanzia mwanzo, kama mtu asiyejua kitu."

Nilivuta mto chini ya kichwa.

"Akasema nimweleze kwanza ninachojua. Nikaona aibu, Mbinya. Sikuwa na kitu." Akakohoa. "Basi. Kwanza ile pete. Pete ilikuwa inatoa homoni inaitwa projesteroni. Kidogo kila siku. Ubongo ukipata hiyo, na mtoto akinyonya, mara nne au zaidi, si asubuhi na jioni, mara nne, yai haliachiliwi. Na ute..."

Alisoma neno hilo kwa shida, kama karani anayesoma jina la dawa ya kunyunyizia ndizi. Nilitaka kucheka. Akaendelea na ute, akaendelea na saa mbili ikitoka nje, akafika kwenye kovu langu, kipimo chake kwa milimita, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa. Kisha akasema, "Sasa, koili. Kuna uzi wake. Kila mwezi unatakiwa kuangaliwa kama uzi upo. Hiyo tarehe nimeiweka kwenye simu yangu, si yako, mimi ndiye nitakukumbusha. Na ikiwa..."

Sijui ikiwa nini. Usingizi ulinichukua hapo hapo, na nguo za kanisani, viatu miguuni, mchana mweupe. Niliamka leo alfajiri nikakuta viatu vimevuliwa na yeye ameshaondoka kwenda Taveta.